SEMINA ZA BAHARI ZISHUKE HADI RAS KITAU

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nami leo nataka kuuliza swali moja tu juu ya methali hiyo. Je, mgeni akija, akapokewa, akapima kila kitu kilichomo nyumbani, kisha akaenda zake na mwenyeji asipone, huyo tumwite mgeni gani?

Wengi wenu Ras Kitau mnaijua kwa kuipita tu mkiwa chomboni. Ni ile ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela, pale mkondo wa Lamu unapokutana na bahari kuu. Nyumbani kwetu ni Shela, na kila asubuhi nikiwa likizoni kitu cha kwanza ninachokiona ng'ambo ni rasi hiyo. Mjomba wangu ni mvuvi. Riziki yake yote iko baina ya rasi ile na mikoko ya Manda. Kwa hivyo nikiandika juu ya bahari hii siandiki juu ya picha ya kalenda, naandika juu ya chakula chetu.

Basi sikilizeni kisa. Miaka miwili iliyopita walikuja watafiti kutoka chuo kikuu kimoja. Jina la chuo sitalitaja, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu. Walimkodi mjomba pamoja na mashua yake kwa wiki tatu. Kila siku aliwachukua mpaka kwenye mkono wa bahari unaoingia kuelekea magofu ya Takwa. Huko wakatega nyavu ndogo, wakahesabu samaki wachanga, wakapima unene wa miti, wakachota tope wakalitia vichupani. Mjomba aliwaonyesha pa kupita na pa kutopita, maana pale maji yakikupwea ukiwa ndani, hutoki mpaka yajae tena. Walimlipa haki yake, wakaagana naye kwa uzuri, wakaenda zao. Tangu siku hiyo, kimya.

Mwaka jana baadhi yetu tulibahatika kukizuru chuo hicho hicho. Tulipofika tukaambiwa kwamba mchana ule kuna semina ya idara ya sayansi za viumbe na mazingira, na tukitaka tunaweza kukaa nyuma tusikilize. Kwa wale wasiojua, semina ya chuo kikuu ni kama baraza la wasomi. Hufanywa kwa mfululizo, aghalabu mara moja kwa wiki. Mtafiti mmoja husimama mbele ya wenzake na wahadhiri wake, akaeleza alichokichunguza, namna alivyokichunguza na alichokiona. Kisha wenzake humuuliza maswali, na hapo si mchezo! Lengo ni kuupepeta ukweli, chuya ziende upande wake na mchele ubaki. Nakiri kwamba niliipenda sana desturi ile. Hata profesa mkubwa akisema jambo, kijana anaweza kunyanyua mkono akamwuliza, "Umejuaje?"

Basi taa zikazimwa, ramani ikatokea ukutani. Jamani, moyo ulinipiga! Ilikuwa Ras Kitau. Ikaja picha ya pili: mashua ya mjomba, na mjomba mwenyewe amekaa shetri, kofia yake kichwani. Mwenye semina akaendelea na maelezo yake kwa Kiingereza cha kasi, mistari na namba zikapanda na kushuka. Mwishoni mhadhiri mmoja akamwuliza: "Mbona siku hizi mbili samaki wamepungua ghafla, kisha wakarudi?" Kijana akafikiri, akajibu kwamba labda ni makosa ya vipimo. Pakaulizwa kama kuna swali jingine. Mimi nilikuwa nalo. Nilitaka kuuliza, "Je, haya mtakwenda kuwaambia wenyewe?" Lakini nilitazama watu waliojaa mle ndani, Kiingereza kikanikaba koo, nikanyamaza. Taa zikawashwa, watu wakanywa chai.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mjomba kila nilichokikumbuka, na zile siku mbili sikuzisahau. Mjomba akahesabu kwa vidole, akarudi nyuma kwa mwezi na bamvua, kisha akacheka. "Siku hizo? Usiku wake walikuja wageni wakavuta juya mkondo mzima. Asubuhi tulikuta tope limevurugika, samaki wadogo wamekufa wanaelea kando ya mikoko." Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia wale watafiti. Akanijibu kwa neno moja ambalo mpaka leo linanikereketa: "Hawakuniuliza."

Ndugu msomaji, hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Semina juu ya bahari yetu zinafanywa mahali ambapo wenye bahari hawapo, kwa lugha ambayo hawaitumii. Hasara yake si ya wavuvi peke yao. Hata sayansi yenyewe inapata hasara. Jibu la swali la yule mhadhiri lilikuwepo, na lilikuwa limekaa shetri ndani ya picha, mbele ya macho ya wote, wala hakuna aliyeweza kuliuliza. Namba ya kweli ikaitwa kosa. Naamini kwa hiyo kwamba kila chuo kinachofanya utafiti katika bahari ya Lamu kinapaswa kuileta angalau semina moja ya mfululizo wake huku pwani, ifanywe kwa Kiswahili, na wavuvi wapewe haki ile ile ya kunyanyua mkono na kuuliza, "Umejuaje?"

Pengine mtu ataniambia, "Wewe kijana, unakuza mambo. Mikoko ni mikoko tu." La hasha! Hebu tutazame ukubwa wa jambo lenyewe. Kenya nzima ina hekta 61,000 hivi za mikoko. Kati ya hizo, hekta 37,000 hivi ziko Lamu. Yaani zaidi ya asilimia 60 ya mikoko ya taifa iko mlangoni petu. Mikoko hii ndiyo kitalu cha samaki. Wachanga hujificha katikati ya mizizi yake, ambako samaki wakubwa hawawafikii, mpaka wapate nguvu za kutoka. Mizizi hiyo hiyo hulishika tope na kuuvunja ukali wa mawimbi. Na katika zama hizi za joto kuzidi duniani, wanasayansi wanatuambia kwamba tope la mikoko huhifadhi hewa ya ukaa nyingi sana, hekta kwa hekta, kuliko misitu mingi ya bara. Kwa ufupi, watu wa mbali wana sababu ya kuja kuipima. Hatuwalaumu kwa kuja.

Tena maamuzi makubwa juu ya bahari hii yamekwisha kufanywa, na mengine yatakuja. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na majahazi yaliyokuwa yakipakia boriti za Lamu kwenda Arabuni yakakosa shehena. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa, na mvuvi aliyeshuka chini akakuta mwamba umekuwa mweupe kama chokaa. Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulisimamishwa, na mikoko ya Lamu haikuachwa nyuma. Mei 2021 gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa katika Ghuba ya Manda, baada ya bahari kuchimbwa ili meli kubwa zipite. Kila jambo katika haya lina sayansi ndani yake. Lakini ni wangapi katika watu wetu waliokaa wakaelezwa sayansi hiyo kwa utulivu kabla mambo hayajawafika?

Matokeo yake tunakutana na sayansi mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi 4,600 hivi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya madhara ya ujenzi wa bandari. Mwaka 2019 baraza la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira liliifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mimi nayaona hayo kuwa ni mafunzo. Ripoti inaweza kuwa nene kama msahafu, imejaa ramani na majedwali, lakini kama mwenye mji hakuielewa wala hakuijibu, basi haijakamilika. Watu wetu wamelijua neno "athari za mazingira" kwa kupanda ngazi za mahakama. Je, isingekuwa bora kama wangelijua wakiwa barazani, kahawa mkononi?

Sasa nizijibu hoja za wanaopinga, maana najua wapo, na baadhi yao ni rafiki zangu wa bweni moja.

Wa kwanza husema, "Kiswahili hakina maneno ya sayansi." Huyu namwomba atembee nami mpaka mikokoni. Kenya ina aina tisa za mikoko, na wazee wetu wanazitenga kwa majina: mkoko wenyewe, mkandaa, kikandaa, mchu, mlilana, muia, mkomafi, mkomafi dume na msikundazi. Sisi darasani tunakariri majina ya Kilatini, na mkata boriti asiyesoma hata darasa moja anakuonyesha kwa kidole kwamba mchu na mlilana mizizi yao hutokeza juu ya tope ili ipumue, na kwamba mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama. Ana majina ya upepo na majira yake: kaskazi, matlai, kusi na demani. Ana bamvua na maji mafu. Boriti ana vipimo vyake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na huzihesabu kwa korija. Hiyo ni elimu iliyopangwa, ila haijaandikiwa semina. Na maneno ya maabara nayo yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Hatuna upungufu wa maneno. Tumekosa mazoea ya kuyatumia tu.

Wa pili husema, "Wavuvi na wakata miti ndio waharibifu wenyewe, wataelezwa nini?" Hapa sitaki kuficha. Ni kweli wapo wanaovuta juya, na juya hukomba kila kitu, mkubwa na mdogo, likang'oa na nyasi za bahari. Ni kweli mjomba wangu mwenyewe alikata boriti ujanani, na hajui alikata ngapi. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuja, si sababu ya kutokuja. Mtu anayeuharibu mzinga bila kujua nyuki wanavyoishi hukatazwa kwa bunduki mwaka mmoja, mwaka wa pili akarudi usiku. Aliyeelewa hujikataza mwenyewe. Na hata waliovuta juya wakakosa cha kula mwezi wa pili yake wana haki ya kuonyeshwa namba zile, waone kwa macho yao usiku mmoja wa tamaa unafanya nini.

Wa tatu husema kwamba jambo hili haliwezekani, ni ndoto za mwanafunzi. Basi twendeni Gazi, kule Kwale. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1979 na yenye makao yake Mombasa, pamoja na vyuo vikuu vya ng'ambo, ilifanya utafiti wa mikoko katika ghuba ya Gazi kwa miaka mingi. Ungeweza kubaki katika majarida ya wasomi. Lakini wenyeji wa Gazi na Makongeni walishirikishwa, na mwaka 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja ukaanza kazi. Wanaitunza mikoko ya hekta 117, wanauza haki ya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo, na fedha zinaingia katika maji ya kunywa na shule za vijiji vyao. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Tazameni jina la mradi: Mikoko Pamoja. Wale hawakusema wenyeji hawataelewa. Ikiwa Gazi imewezekana, Lamu yenye zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya imekosa nini?

Sikatai kwamba wasomi nao wana shida zao. Baada ya semina ile nilimfuata yule kijana nikamwambia kwa Kiswahili kwamba mimi natoka Shela. Alifurahi kwelikweli, akanishika mkono. Aliniambia kwamba fedha za utafiti zilikwisha siku ile ile kazi ya mikokoni ilipokwisha, na kwamba ripoti yake lazima iandikwe kwa Kiingereza ili ahitimu. Nilimwamini. Hakuwa mtu mbaya. Utaratibu ndio uliomtoa Ras Kitau na kumsahaulisha njia ya kurudi. Kwa hivyo lawama yangu si kwake, ni kwa utaratibu, na utaratibu hubadilishwa na watu.

Nini kifanyike? Kwanza, fedha za kurudi ziwekwe tangu mwanzo, kama yanavyowekwa mafuta ya kwenda na kurudi katika mashua. Hakuna nahodha anayejaza mafuta ya kwenda tu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, si mbali nasi hivyo, na kule Zanzibar iko Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1978. Wahadhiri wengi wa pwani hii Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani. Kinachowazuia ni desturi, si ulimi.

Pili, semina ije kwa saa za watu wa huku. Iwe Ijumaa alasiri, wakati wavuvi wengi wako nyumbani. Hakuna haja ya ukumbi wenye viti vya kuzunguka. Kivuli na mkeka vinatosha, na ukuta mweupe wa nyumba yoyote ya Shela utafaa kwa picha magharibi ikiingia. Kina mama nao waitwe, kwa sababu samaki akipungua, wao ndio wa kwanza kujua jikoni.

Tatu, na hili ni letu sisi: Chama chetu cha Kiswahili kijitolee. Tuviandikie vyuo barua, tuwaombe watupe muhtasari mmoja tu kila muhula wa utafiti uliofanywa katika visiwa vyetu. Tuutafsiri kwa msaada wa walimu wetu wa Biolojia na Kiswahili, uwe ukurasa mmoja, ubandikwe pale wavuvi wanapouzia samaki. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi, na katika kifungu cha 69 imeitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kuyatunza mazingira. Kama Katiba imekwisha kusema, sisi tunangoja nini? Au Kiswahili chetu ni cha kughani mashairi siku ya wazazi tu?

Walimu wangu wataniuliza: mtihani wa Biolojia utaandikwa kwa Kiingereza, je, hamtachanganyikiwa? Kwa heshima najibu kwamba mimi nilikuwa nimechanganyikiwa zamani. Nilijua neno la Kiingereza la mizizi inayopumua, nikaandika katika mtihani nikapata alama, na wala sikujua kwamba ni hivi hivi vidole vya tope vinavyonichoma miguu kila likizo. Siku nilipoyaunganisha mambo hayo mawili ndipo nilipoanza kuipenda Biolojia.

Wazee walisema, kuuliza si ujinga. Mimi siku ile katika semina niliogopa kuonekana mjinga, nikaondoka na swali langu. Nimeliandika hapa ili lisiniozee moyoni, na ili mwenzangu atakayekaa kiti kile siku nyingine asinyamaze kama mimi. Anyanyue mkono aulize hata kwa Kiswahili. Watakaotaka kuelewa wataelewa.

Na mjomba nimempa habari kwamba naandika makala haya. Amenituma niwaambie wasomi wote kwamba akitaka kuulizwa, anauliziwa ufukweni Shela kila Ijumaa, kumbukumbu za bamvua za miaka mitatu anazo kichwani, na siku semina itakapofanywa, atakayetaka kuvuka kwenda kuiona mikoko yenyewe hatatozwa nauli.

Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha 3